Mkuu, hivyo vidonge usimpe mzee leo

Viweke chini kwanza. Umesema baba ana miaka 76, anasahau, usiku halali, anadai arudishwe kwao ilhali yuko kwake, na muuza duka la dawa kakupa vidonge vya mafua vya kumlaza. Aisee, nimesoma hapo jasho likanitoka.

Mama yangu, Tanga. Saa nane usiku anajifunga kanga, anabeba ungo, anataka kwenda kupeta mpunga wa mwaka gani sijui. Kijana wa duka la dawa, koti jeupe limenyooka pasi, akaniambia, "Kaka, hivi vya njano havina madhara, hata watoto wanapewa." Nikampa kimoja. Akalala! Nikajiona profesa. Baada ya wiki mbili kimoja hakifui dafu, nikapandisha viwili. Mimi mhasibu bwana, kujumlisha ndiyo fani yangu.

Miezi minne. Mdomo ukamkauka mpaka ulimi unanata, haja ndogo inatoka kwa shida, mchana anasinzia juu ya sahani, usiku anaongea na watu waliomo kwenye pazia. Sisi tunaambiana ugonjwa umeshika kasi. Kumbe petroli namwaga mimi! Alfajiri moja akaenda msalani anayumba, akaanguka, nyonga ikavunjika. Operesheni ile ilikula michungwa yetu ya Muheza, upande wote wa barabarani.

Wodini ndipo daktari akasema nilete kila anachomeza. Akamwaga mfuko kitandani, akakitenga kile cha njano kwa kidole. "Hiki nani kamwandikia?" Nikaangalia kandambili zangu. Akanieleza kwamba hizo dawa za zamani za mafua na mzio zinazuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kukumbuka, na mzee anayesahau mara nyingi anayo kidogo tayari. Mdomo kukauka, mkojo kukwama, kuona watu, vyote vinatoka hapo hapo. Akavisimamisha, wakapima mkojo, sukari na homoni za tezi ya shingo. Wiki chache tu, watu wa pazia wakahama. Kusahau kumebaki, ila ananijua.

Yule kijana nilimfuata. Ati, "Hukusema kama ni mzee." Mama alikuwa kakaa kwenye bajaji mlangoni pake!

Kwa hiyo kesho asubuhi kusanya kila kitu: vya presha, vya mgongo, hata mizizi ya shangazi. Mfuko mmoja, uende nao hospitali pamoja na baba. Ambaye hajauona mfuko wote asimwongezee hata kidonge kimoja. HATA KIMOJA. Vya presha usivisimamishe mwenyewe lakini, usije ukanisingizia. Usiku wa leo washa taa, mpe chai, muulize huko kwao ni wapi, akusimulie.

Uliuliza pia namna ya kugawana zamu za kumwangalia mzee na kaka zako. La kaka wakujibu wengine, mimi na wangu hatusalimiani tangu michungwa.