Kufundisha Kiingereza Korea huku unasoma Kikorea: zitumie wiki za kabla ya Krismasi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama Mtanzania anaweza kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza, siku ya mwalimu kule inakuwaje, na kama mtu akiwa kazini anapata nafasi ya kujifunza Kikorea. Nilifundisha Gwangju mwaka mmoja na nusu, nakujibu kwa yale niliyoyaishi.

Nianze na lile chungu. Viza ya kufundisha lugha inaitwa E-2, na kwa Kiingereza wanaipata raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mimi nimezaliwa Tanga, lakini tulihamia Kanada nikiwa na miaka tisa, nikasoma huko mpaka chuo, na Korea niliingia kwa pasipoti ya Kanada. Kwa pasipoti yetu mlango huo haufunguki, hata Kiingereza chako kiwe kizuri namna gani. Inaniuma kuliandika hili, maana nawajua walimu wa Moshi na Morogoro wanaofundisha kuliko mimi. Wakala akikwambia uende kwa viza ya utalii halafu utapata darasa hukohuko, mkimbie. Njia iliyo wazi ni masomo. Udhamini wa serikali ya Korea, GKS, unakupa kwanza mwaka wa lugha, na unatakiwa ufike daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea, ndipo uanze shahada. Kwa hiyo hata usipofundisha, habari ya Kikorea inakuhusu.

Kazi yangu ilikuwa kwenye hagwon, yaani kituo cha tuisheni cha mtu binafsi. Mtoto akitoka shule anaingia kwetu, akitoka kwetu anakwenda tuisheni ya hesabu. Nilianza saa 8 mchana nikamaliza saa 3 usiku. Mkataba ulikuwa won milioni 2.2 kwa mwezi, na chumba alilipia mwajiri. Ukimaliza mwaka mzima sheria inakupa mshahara wa mwezi mmoja wa kuagana, ndiyo maana rafiki yangu alikasirika sana mwajiri wake alipotaka kumwachisha mwezi wa 11. Mikataba isome mara mbili.

Kwa ratiba hiyo, asubuhi yote ni yako, na hapo ndipo Kikorea kinapoingia. Nilikuwa na darasa saa 4 mpaka saa 6 mchana, siku tatu kwa wiki. Lakini sikiliza hili, sikuambiwa na mtu: asubuhi hizo zina mwisho. Shule zikifunga kuelekea Januari, vituo vya tuisheni vinaongeza vipindi vya asubuhi vya likizo, na mwalimu anaanza kazi saa 3 au saa 4 asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilisema moyoni, nitazoea kazi kwanza, lugha nitaanza mwaka mpya. Mwaka mpya ukaja na vipindi vinane kwa siku, nikawa narudi chumbani nalala na viatu. Mwaka wa pili nilianza Septemba na kukaza Novemba na Desemba, nikafanya TOPIK I, ile ya wanaoanza. Ile ina alama 200, ukipata 80 ni daraja la 1, 140 ni daraja la 2. Nilipata la 2, na sehemu kubwa ya alama hizo naamini ilitoka kwenye asubuhi za kabla ya Krismasi.

Desemba inakusaidia kwa njia nyingine pia. Wanafunzi wa sekondari wanakuwa kwenye mitihani ya kumaliza muhula, kwa hiyo madarasa ya usiku yanapungua watu. Mtihani mkubwa wa kuingia vyuo vikuu umeshapita mwezi wa Novemba. Siku ile nilisimama dirishani saa 7 mchana: ofisi zilifunguliwa kwa kuchelewa asubuhi ili watahiniwa wapite barabarani, na wakati wa kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala hazitui nchi nzima. Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini mtoto wa miaka kumi anasinzia mbele yako saa 2 usiku, na unaacha kumkaripia.

Sasa nije kwenye lililonifurahisha kuliko yote. Kiswahili ni mtaji kule, mkuu, usikidharau. Mkorea akichukua neno la kigeni analiongezea irabu, kama sisi. Sisi tumesema Krismasi, wao wanasema keuriseumaseu. Chungwa la Kiingereza kwao ni orenji. F hawana, wanaweka p. Darasani mtoto akimaliza kuchora ananyoosha mkono: "Ticha, pinishi!" Wenzangu kutoka Kanada walihangaika kuwakataza. Mimi nilijua ile irabu ya mwisho inatoka wapi, maana bibi yangu naye akisema "benchi" na "shati" hawezi kuacha neno bila irabu mwishoni. Niliwafanya washike koo na kuhesabu mapigo, neno hili ni mapigo mawili, siyo matatu. Wakapata.

Namba nazo. Wana mafungu mawili, la asili na lililotoka China, na kwenye saa wanayachanganya: saa inatajwa kwa namba za asili, dakika kwa zile za China. Wenzangu walilia. Lakini sisi tunahesabu tano kwa Kibantu, sita na saba kwa Kiarabu, nane tunarudi nyumbani, tisa tunaondoka tena, na hatujawahi kulalamika.

Heshima ndiyo usicheze nayo. Wiki yangu ya kwanza nilimsalimia mzee mlinzi wa jengo "annyeong", kama nilivyosikia watoto wakisalimiana. Uso wake ulibadilika. Mwanafunzi wangu wa miaka tisa akanivuta mkono wa koti, macho yamemtoka: "Ticha, andweyo!" Haifai. Nilikuwa nimempa babu "mambo vipi". Nikarudi, nikainama, nikasema "annyeonghaseyo" yote, naye akaitikia. Tangu siku ile kila asubuhi nilianza kwake, na sentensi zangu nyingi za kwanza nilizijaribu kwa mzee yule, maana kwenye kituo chetu mwalimu wa Kiingereza alikatazwa kutamka Kikorea darasani. Sikukubaliana na amri ile. Mtoto akimwona mwalimu naye anakosea, anathubutu.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi watoto waliandika barua kwa Santa, ambaye kwao ni Santa harabeoji, Babu Santa. Usitegemee Krismasi ya nyumbani, hata hivyo. Tarehe 25 ni sikukuu, makanisa yanajaa, ila nje ni siku ya wapenzi na keki za krimu zenye stroberi, na tarehe 26 uko kazini. Mimi upweke ulinishika kwa sababu ya pilau.

Kwenye darasa langu la Kikorea mtu mmoja akanielekeza Wolgok-dong, mtaa wa Wakorea waliorudi kutoka Asia ya Kati. Babu zao walikuwa Mashariki ya Mbali ya Urusi, Stalin akawahamishia Uzbekistan na Kazakhstan mwaka 1937. Nilifika mchana wa mkesha, theluji inaanguka, nikafungua mlango wa kijihoteli, na harufu ya bizari nyembamba ikanipokea mlangoni. Wanaiita plov. Wali umekolea mafuta, karoti, vipande vya nyama ya kondoo juu, kitunguu saumu kizima katikati. Mama mwenye hoteli alizaliwa Tashkent, Uzbekistan. Kiingereza hajui, Kirusi sijui mimi. Nikamwambia kwa Kikorea, polepole, kwamba kwetu pia tunapika hivi na tunaita pilau. Akarudia, "pilau", akacheka, akaingia jikoni na sahani yangu akaiongeza. Tulizungumza karibu saa nzima, yeye anatafuta maneno na mimi natafuta, na ndani ya Kikorea kile cha kuungaunga nilimweleza jinsi mama yangu anavyokaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi kidogo.

Ukipata hiyo GKS niandikie, nitakutumia daftari langu la maneno.