Roboti Haioshi Tyubu

Juzi tena nimemkuta mdogo wetu mmoja mbele ya roboti yetu ya kupima endotoksini (sumu ya maganda ya bakteria), mikono kiunoni, anaitukana. Spaiki, yaani endotoksini ya kiasi kinachojulikana tunayoitia kwenye sampuli kuona kama kipimo kitaiona, imesoma asilimia 34. Wadogo zangu, inatakiwa iwe kati ya 50 na 200, na mashine haina ugomvi na mtu.

1. pH ipimwe baada ya sampuli kuchanganywa na LAL, kitendanishi kinachogundua endotoksini. 6 hadi 8, basi.

2. Endotoksini ya kiwango (ya kulinganishia) ikishatiwa maji, someni karatasi ya kwenye boksi. Ikisema voteksi (kutikisa kwa mashine) dakika 15, ni 15, siyo mpaka simu iite.

3. Tyubu. Hapa nikae kidogo.

Roboti ilipokuja nilikabidhiwa mimi, nikawa natembea maabara kama bwana harusi. Asubuhi moja maji ya sindano yakasoma 0.31 EU/mL (yuniti za endotoksini kwa mililita), na kikomo ni 0.25. Kontroli hasi, yaani maji yasiyo na endotoksini, safi; spaiki safi. Nikapiga simu. Uzalishaji ukasimama, mafundi wakakesha wakichemsha mabomba, dripu hazikujazwa siku mbili. Nikaandika ripoti yenye "bila shaka" mara tatu.

Siku ya pili akaingia mama mmoja wa zamani, wa enzi za kugeuza tyubu kwa mkono kuona kama LAL imeganda geli. Skrini hakuitazama. Aliokota foili kwenye pipa la taka.

"Mwanangu, mkanda huu wenye michirizi myeusi umetoka wapi?"

Mkanda wa otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Tyubu zangu hazikuwa zimeingia oveni ya nyuzi 250, dakika 30, inayoteketeza endotoksini. Otoklevu iliua bakteria, naam, lakini maganda yao yalibaki kwenye kioo yakinisubiri. Na kontroli? Niliimimina kutoka chupani moja kwa moja hadi kwenye roboti. Haikugusa tyubu zile hata moja. Ningeionaje chafu?

Ripoti haifutwi. Ilibidi niandike nyingine ya kuikana ya kwanza, nisaini, kisha niipeleke kwa mafundi wale wale, macho mekundu. Hakuna aliyeniambia kitu. Afadhali wangenitukana.

4. Kwa hiyo kontroli ipite njia ya sampuli, tyubu kwa tyubu.

5. Chujio la selulosi huacha glukani (aina ya sukari), nayo huiamsha LAL kama endotoksini. Bafa (myeyusho) ya kuizuia glukani ipo, itumieni.

6. Spaiki ikiwa chini, sampuli inakizuia kipimo; izimueni zaidi, ila msivuke kiwango cha juu cha kuzimua mlichokokotoa. Mdogo wetu amezimua mara mbili zaidi, imesoma 88. Amekuja kuniomba radhi. Nimemwambia aiombe roboti.