Usinunue hilo tangi kabla hujaandika jina la atakayelijaza

Ndugu mleta mada, usinunue hilo tangi. Nimesoma andiko lako mara mbili: kamati yenu ya shule ina Sh milioni 4 zilizobaki kwenye mfuko wa wazazi, wewe ni katibu, na unataka fedha zote ziingie kwenye karo la kunawia mikono lenye koki 16 na tangi lake la maji, kwa hoja kwamba UVIKO-19 ulikwisha kutufundisha usafi na kilichobaki ni kuwapa watoto vifaa. Nakukataza kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa mwenyekiti wa kamati iliyojenga karo kama hilohilo, na haya unayoyasema wewe leo niliyasema mimi, karibu neno kwa neno.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020, shule zikafungwa, na ilipotangazwa kwamba zingefunguliwa 29 Juni, kila mzazi wa mtaa wetu pembezoni mwa Morogoro alikuwa na hofu ya kumrudisha mtoto darasani. Wakati huo ndoo ya maji ilikuwa mlangoni mwa kila duka, kila benki, kila msikiti na kila kanisa, na nilimwona kwa macho yangu kondakta wa daladala akimteremsha mzee mzima kwa sababu alikataa kunawa. Nani angeamini kwamba hali ile ingepita? Tuliitisha mkutano chini ya mwembe wa shule, tukakubaliana mchango wa hiari wa Sh 5,000 kwa kila mzazi, na ndani ya siku tisa zikapatikana Sh milioni 3.4. Sijawahi kuona wazazi wakichanga kwa moyo kiasi kile, kabla ya hapo wala baada ya hapo, na ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo.

Akaja mtaalamu mwezeshaji wa shirika moja, amevaa barakoa ya kitenge iliyoshonwa vizuri, akabandika chati zake ukutani kwenye ofisi ya walimu na kutueleza kwamba tabia ikirudiwa kwa miezi mitatu inakuwa sehemu ya mtu. Alisema jamii yetu ilikuwa imeshavuka, kwamba watoto wangenawa wenyewe bila kusukumwa, na kwamba kazi ya kamati ni kuweka miundombinu ya kudumu tu. Mtu huyo hakuuliza hata mara moja ankara yetu ya maji ni kiasi gani kwa mwezi. Hakuuliza nani anafungua geti asubuhi, wala sabuni ikiisha inanunuliwa kutoka fungu lipi. Alikula chakula cha mchana, akasaini posho yake, akapiga picha na watoto, akaondoka, na sisi tukabaki tunarudia maneno yake kwenye kila kikao kana kwamba ni aya. Namlaumu, na sitaacha kumlaumu, kwa sababu mtu anayelipwa kushauri shule za watu maskini anapaswa kujua kwamba maji hayapandi kwenye tangi kwa nguvu ya tabia.

Hata hivyo kosa kubwa kuliko yote nililifanya mimi, na lilichukua dakika zisizozidi tano. Katika kikao cha kupitisha matumizi, mwalimu wetu wa afya, mama mtu mzima aliyekuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, alisimama na karatasi ya daftari mkononi. Alipendekeza tununue ndoo kumi tu zenye koki, za lita 20, na fedha zote zinazobaki ziwekwe pembeni kwa mambo mawili: sabuni ya mwaka mzima, na malipo ya mama mmoja wa mtaani atakayejaza ndoo hizo asubuhi na mchana. Alikuwa ameshazungumza na huyo mama na jina lake lilikuwa limeandikwa pale kwenye karatasi. Nilimkatiza. Nilimwambia mbele ya wajumbe wote kwamba wazazi hawakuchanga ili tununue ndoo za plastiki na kumlipa mtu mshahara, walichanga ili waone kitu. Wajumbe wakacheka. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akakaa, na hakuongea tena hadi kikao kilipofungwa.

Tukajenga. Karo la zege lenye koki 14, limevikwa vigae vyeupe, juu yake tangi la lita 2,000 kwenye kichanja cha chuma. Baada ya fundi kulipwa zilibaki Sh 46,000, zikanunua sabuni iliyoisha mwezi Agosti. Koki ya kwanza kuharibika ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, iliyochakaa mpira wake wa vashea, kitu cha Sh 500 tu. Lakini hakuna aliyekuwa na kazi ya kufunga maji jioni, kwa hiyo maji yalichuruzika usiku kucha na asubuhi tangi likawa tupu. Mwalimu mkuu akamtuma mlinzi alijaze, mlinzi akajibu kwamba yeye aliajiriwa kulinda, na kusema kweli alikuwa na haki. Ankara ya maji ikapanda karibu mara tatu, ruzuku ya uendeshaji wa shule haikutosha, na mwezi Novemba maji yakakatwa kwa deni. Kufikia Februari 2021 koki tano zilikuwa zimeng'olewa. Kipande cha mwisho cha sabuni kilikuwa bado kinaning'inia kwenye soksi ya wavu iliyofungwa kwa msumari, kimekauka na kupasukapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, na watoto walilitumia karo kwa kupanga mabegi yao.

Mwezi uliofuata kulizuka kuhara katika darasa la pili, na mwanangu wa mwisho alikuwa miongoni mwa walioumwa. Alilazwa siku tatu, ametundikiwa dripu, midomo imekauka. Sitasema hapa kwamba aliugua kwa sababu ya karo langu, kwa kuwa kuhara kuna njia nyingi. Nitasema tu nilichomuuliza usiku wa pili, alipoanza kupata nafuu: "Shuleni mkitoka chooni mnanawa wapi?" Akanijibu bila hata kufungua macho, "Hatunawi, baba. Tunajifuta kwenye majani." Nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Kila siku nilipita barabarani nikaliona lile tangi jeusi likimeta juani, na sikuwa nimewahi kuingia ndani kugusa koki.

Sasa nenda kaangalie kitu kingine. Karibu na stendi kuna mama ntilie mmoja ambaye aliweka ndoo ya njano mlangoni mwa kibanda chake Aprili 2020, na ndoo hiyo ipo hadi leo ninapoandika. Mpini umekatika na kufungwa kwa waya, koki inadondosha kidogo, kwa hiyo chini ameweka beseni na maji yanayodondoka anamwagilia mchicha. Sabuni yake ni ya maji, kwenye chupa ya soda yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Nilimuuliza imewezekanaje, maduka yote ya jirani yalikwisha kuziondoa ndoo zao. Alinionyesha kijana wa dada yake, akasema kazi ya kwanza ya kijana huyo kila alfajiri ni kujaza ndoo hiyo kabla hajawasha jiko, na sabuni imo kwenye hesabu zake pamoja na mkaa na mafuta. Wateja wamezoea, siku ndoo ikikauka wanauliza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mazoea ya wateja yalikuja baadaye, na kilichotangulia ni kijana na fungu la sabuni.

Kanuni yangu ndiyo hiyo, na nitairudia mpaka mnichoke: kila jambo jema lililoletwa na janga lipewe jina la mtu na fungu la fedha la mwaka mzima kabla hofu haijaisha, na kama hakuna jina, lisinunuliwe. Hofu inafanya kazi ya msimamizi kwa muda, bila malipo, halafu inaondoka bila kuaga. Wenye kumbukumbu watakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani: ndoo zilijaa milangoni vilevile, matunda yaliyokatwa yakapigwa marufuku barabarani, na miaka mitano baadaye UVIKO ulipoingia tulikuwa tunanunua ndoo upya kana kwamba hatujawahi kuziona. Wazazi wetu walifanya vizuri zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kupitia redio, lakini haikuiachia redio peke yake. Waliandaliwa kwanza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kila mmoja na watu wake wa kukaa nao, kusikiliza kipindi, na kisha kwenda kuchimba choo. Majina yalitangulia, vyoo vikafuata.

Na hata ugenini ni hivyohivyo. SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa mapafu, ilipoingia Hong Kong mwaka 2003, zaidi ya watu 300 waliambukizwa katika majengo ya makazi ya Amoy Gardens, na wachunguzi walipofuatilia njia za ugonjwa waligundua kwamba mikunjo ya mabomba ya maji taka bafuni, ile inayotakiwa kubaki na maji ili kuzuia hewa chafu isirudi, ilikuwa imekauka, kwa kuwa watu walipiga deki sakafu bila kumwaga maji. Kitu kilikuwepo, kimejengwa vizuri, kimekosa mtu wa kumimina maji. Mwaka uliofuata mji ule ulianzisha kituo maalumu cha kulinda afya, chenye watumishi na bajeti yake, haukuishia kubandika mabango.

Usije ukadhani nasema janga halikuacha jema lolote. Liliacha, na tunaliona. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa Sh trilioni 1.3 kutokana na mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, yakajengwa madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama kwa watoto wanaoishi mbali, na Januari 2022 vijana wa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja badala ya wengine kusubiri chaguo la pili. Lakini tazama yalivyojengwa: kila darasa lilikuwa na Sh milioni 20 zake, mkuu wa shule wa kulijibia, na tarehe ya kukabidhi. Kama wangewaletea wananchi tofali na hotuba peke yake, tofali hizo zingekuwa zimeota nyasi.

Kwa hiyo Sh milioni 4 zako zigawe hivi. Ndoo 12 zenye koki, kwa Sh 15,000 kila moja, ni Sh 180,000. Mtu wa kuzijaza asubuhi na mchana, Sh 60,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ya masomo, ni Sh 600,000. Sabuni ya Sh 25,000 kwa wiki, wiki 40, ni Sh milioni 1. Weka Sh 400,000 za ankara ya maji na Sh 50,000 za koki za akiba na vashea. Umetumia Sh milioni 2.23 na mwaka umekwisha, zimebaki Sh milioni 1.77 ambazo zitakufikisha zaidi ya miezi minane ya masomo ya mwaka wa pili. Wazazi watakuuliza kiko wapi cha kuonyesha. Wapeleke saa nne asubuhi, muda wa uji, wasimame pembeni waangalie watoto wakipanga foleni.

Sisi tulichelewa. Mwaka 2022 tuliliuza tangi kwa mfyatua matofali kwa Sh 200,000, tukanunua ndoo sita, tukampata mama wa kuzijaza. Ndipo nikapanda basi hadi shule aliyohamishiwa yule mwalimu, wilayani Kilosa, nikamkuta anasahihisha madaftari kibarazani. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya kikao. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ndoo anazijaza nani. Nikamtajia jina. Akauliza tena, "Na akiugua, mwenyekiti?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu yake tulikaa kikao, na sasa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu kuna majina mawili.