Mswaki wa Usiku ni Kazi ya Mzazi

Mzazi akiniuliza ni lini mtoto aanze kupigwa mswaki, humwambia aanze pindi jino la kwanza linapotokeza, jambo ambalo kwa watoto wengi hutukia wakiwa na umri wa karibu miezi sita. Akiniuliza ni lini mtoto aachiwe mswaki peke yake, jibu langu mara nyingi halimfurahishi, kwa maana ni miaka saba au minane. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuushika mswaki, kuuchezea na hata kujivunia, lakini mkono wake haujapata ustadi wa kuyafikia magego ya nyuma wala wa kusugua pale jino linapokutana na ufizi. Nyumbani kwetu, hapa Donholm, tunafuata utaratibu mmoja tu: mtoto hutangulia, mtu mzima humalizia.

Kati ya nyakati mbili za kupiga mswaki kwa siku, ninaupa uzito zaidi wa usiku. Asubuhi za Nairobi kila mzazi anazijua. Basi la shule hupiga honi langoni kukiwa bado giza, mmoja hajavaa soksi na mwingine hajamaliza uji, kwa hiyo zamu hiyo tumemwachia anti anayetusaidia nyumbani, baada ya kukaa naye na kumwonyesha tunavyotaka ifanywe. Ya usiku siigawi kwa mtu. Mtu anapolala mate hupungua kinywani, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi ambayo bakteria hutengeneza kutokana na sukari iliyobaki kwenye meno. Mtoto anayesinzia na chupa ya maziwa mdomoni huanza kuharibika meno ya mbele ya juu, na dalili ya kwanza ni mistari myeupe kama chaki karibu na ufizi, ambayo mzazi asiyeinua mdomo wa mtoto na kutazama hawezi kuiona. Katika hatua hiyo uharibifu bado unaweza kusimamishwa. Shimo likishatoboka, halizibiki kwa mswaki.

Baada ya mswaki wa usiku, basi, kinachoruhusiwa ni maji matupu. Sheria hii imeleta vilio vingi kuliko mswaki wenyewe, hasa nyanya yao anapotutembelea kutoka mashambani akiwa na biskuti mkobani.

Kuhusu dawa ya meno, msiyafuate matangazo ya televisheni ambamo mswaki hufunikwa kutoka ncha hadi ncha. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita anahitaji kiasi cha minji moja. Soma pakiti uhakikishe kwamba dawa ina floraidi, yaani madini yanayoyakinga meno yasioze, angalau sehemu 1,000 kwa milioni (ppm), kisha uiweke mahali ambapo mtoto hafiki, kwa sababu ladha ya matunda humfanya aione kuwa peremende. Akimaliza, ateme povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi iliyobaki iendelee kuyakinga meno. Kwa sisi tunaoishi kwa mgao wa maji, hilo lina faida yake ya pili.

Wanaotumia maji ya visima virefu wana jambo la ziada la kuangalia. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu kadhaa za Nairobi, na zaidi katika Bonde la Ufa, yana floraidi nyingi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa kwa miaka meno yake ya kudumu yanapokuwa yakijijenga ndani ya fizi anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo hayatokani na uchafu na hayaondoki kwa kusuguliwa, kwa hiyo mtoto asigombezwe kwa ajili yake. Kama mtaa wenu unategemea kisima, uliza kama maji yamepimwa, na umweleze daktari wa meno kabla hajakushauri kuhusu dawa.

Namna ya kumshika mtoto ni muhimu kuliko rangi ya mswaki. Mdogo sana mlaze kichwa chake kikiwa mapajani mwako. Aliyekua simama nyuma yake mbele ya kioo. Tumia mswaki wa nywele laini, kwa miduara midogo isiyo na nguvu, kwa muda wa dakika mbili. Mimi huanzia kwenye magego, kwa kuwa subira ya mtoto huisha haraka na meno ya mbele hupata zamu yake kwa urahisi hata akiwa amenuna. Mtoto akikataa kabisa, namwachia kwanza anisugue mimi meno yangu, na baada ya kicheko kidogo kinywa chake hufunguka.

Watu wazima wengi bado husema kwamba meno ya utoto yatang'oka tu na kurushwa juu ya paa. Ni kweli yatang'oka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili, yakitafuna na kuyatunzia nafasi meno yajayo. Tena, karibu na umri wa miaka sita gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hulidhani kuwa ni la utoto. Kifungua mimba wetu ameshaota magego hayo yote manne. Meno mengine sasa anayasugua mwenyewe, nami hulikagua kila gego kwa mwanga wa simu na kulipitia kwa mswaki kabla hajalala.