Mzee wa Usukani anajibu: theluji ya Rombo, jiko la Ngaramtoni na soksi za mgumu

Barua za mwezi huu zote zina mafua. Kila nikifungua simu ni baridi, baridi, baridi, mpaka nimeona yale maswali ya giaboksi niliyoahidi yasubiri kwanza, maana kipupwe ndo hiki kimeingia na hapa Moshi saa mbili asubuhi bado watu wako na makoti, hata wale wanaojifanyaga wao wa mjini hawasikii baridi. Twende.

*

*Shikamoo Mzee wa Usukani. Watoto wakifunga shule nataka niwapeleke kwa bibi yao Rombo, Mkuu, tutakuja na Noah yetu tuko sita. Jamaa mmoja kazini kanitisha, anasema kipindi hicho barabara za huko zinaganda na theluji inashuka, ninunue minyororo ya matairi. Mke wangu ndo kwao huko, anacheka tu hasemi kitu. Je ni kweli? Na nipande usiku au mchana?* — Baba Junior, Tabata

Marahaba Baba Junior. Mkeo kakuacha uendelee ili apate cha kuwasimulia wakwe, na mimi samahani nimecheka pia. Minyororo waachie watu wa Uswisi. Theluji ya kwetu iko Kibo, kile kilele cha mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895, na hata siku ikimwagika sana ikashuka chini inaishia huko kwenye mawe juu ya msitu ambako hamna lami wala bibi wa mtu. Halafu yenyewe inaisha, barafu iliyokuwepo mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshapotea, kwa hiyo huyo jamaa yako hata angekuwa sahihi angekuwa amechelewa.

Ila sasa usije ukakaa vizuri ukaongeza spidi. Kinachotumalizia watu huku ni ukungu na utelezi. Iko hivi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusi unatoka baharini na unyevu wake, ukifika mlimani hauna pa kwenda inabidi upande, ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu, na hilo wingu linakaa palepale kwenye migomba na msitu siku nzima. Ukiwa Moshi mjini unaliona juu kama dari. Ukipandisha Marangu unaingia ndani ya dari.

Nikwambie utakavyoona. Himo unaacha barabara kuu, jua bado linakuchoma mkono wa dirishani, watoto wanataka soda ya baridi. Unapandisha, migomba inaanza, kona zinaanza, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na pale Marangu Mtoni unapokata kwenda Mwika ghafla kioo cha mbele kinakuwa cheupe, unawasha waipa, hakitoki, unaongeza waipa, hakitoki. Huo weupe uko ndani baba! Ni pumzi za watu sita na madirisha mmefunga. Washa AC uielekeze kioo cha mbele, ndio, kwenye baridi hiyohiyo, weka na joto ukiweza, maana AC inakausha hewa na kioo kinafunguka ndani ya dakika. Mama Junior atalalamika, mpe kitenge ajifunike. Usifute kwa kiganja, mafuta ya mkono yanafanya usiku kila taa inayokuja iwe kama jua.

Taa weka dipu. Watu wakiona ukungu wanawasha ful wakidhani wataona mbali, mwanga unagonga ule unyevu unarudi machoni kwako, unakuwa unaendesha unamulika shuka. Na hii tabia ya kuwasha hazadi huku unatembea iache kabisa, wa nyuma hajui umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kona indiketa yako haionekani, hazadi ni ya gari iliyosimama. Fuata mstari wa kushoto wa barabara, usifuate taa za nyuma za lori, manake lori likiingia mtaroni na wewe unalifuata vizuri tu. Kona piga honi. Ukizidiwa toka nje ya lami kabisa, usisimame barabarani eti unasubiri ukungu upungue, hapo ndo unagongwa.

Kushuka weka gia ndogo, Noah otomatiki weka 2 au L, uache injini ikushike. Kuna madereva wanashuka na nyutro eti wanabana mafuta, breki zinachemka wanafika chini zimeshakuwa mapambo. Mafuta ya kubana pale hayafiki hata bei ya chips.

Halafu bibi. Sijui kwa bibi yenu ila mabibi wengi wa Rombo hawakai kwenye lami. Ule udongo mwekundu ukipata manyunyu ya usiku mmoja, hata siyo mvua, manyunyu tu, unakuwa sabuni. Mwenyewe nilishaingiza gari kwenye mtaro kule Kirua asubuhi na mapema huku najiona fundi, nikavutwa na vijana saba na nikaacha elfu thelathini na heshima yangu. Muulize shemeji yako kabla hujaacha lami, kama njia imelowa liache gari kwa ndugu aliyeko barabarani mtembee, mizigo ibebwe, watoto watafurahi kuliko wewe.

Kupanda ni mchana. Toka Dar alfajiri, mpaka Himo ni zaidi ya kilomita 500, ukifika Himo na jua limezama lala hapohapo au ingia Moshi, bibi hajawahi kukimbia.

*

*Shikamoo mzee. Sisi tuko Ngaramtoni, baridi ya mwaka huu imezidi. Jioni naingiza jiko la mkaa chumba cha watoto, nasubiri moshi uishe kabisa kaa liwe jekundu ndo naingiza, wanalala nalo. Juzi mkubwa kaamka kichwa kinamgonga anatapika, mdogo naye kalegea. Mume wangu anasema malaria. Nauliza tu blanketi zuri ni la aina gani?* — Mama Glory

Mama Glory hili sikusubiri jarida litoke, nilikupigia siku ileile, na naliweka hapa kwa sababu najua sio wewe peke yako.

Jiko TOA. Leo. Hilo kaa jekundu lisilo na moshi ndo baya lenyewe, maana linatoa kaboni monoksaidi, gesi haina rangi haina harufu haikohoozi mtu, inaingia kwenye damu inakaa sehemu ya oksijeni, unasinzia taratibu, na kwa vile ulikuwa umeshalala hakuna wa kukwambia kwamba huu usingizi sio wako. Moshi ungekuamsha. Hii haikuamshi.

Naijua kwa mwili wangu. Enzi naendesha wageni tulilala madereva watatu kwenye chumba kimoja juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kule ni kama mita 2,300 na mwezi wa saba ni balaa, mmoja akaomba jiko jikoni tukalipokea kama mgeni. Usiku nikaamka nataka kukojoa, nikasimama, miguu haipo. Kichwa kama kimefungwa waya. Nilitambaa mpaka mlangoni nikaufungua, nikatapika pale kizingitini, na ile hewa ya baridi niliyokuwa naikimbia ndo ikaniokoa. Wenzangu tuliwavuta nje na mlinzi, mmoja alichukua muda kujua yuko wapi. Kama kibofu changu kingekuwa cha kijana nisingekuwa naandika hapa.

Malaria pimeni, sikatai, lakini ona mwenyewe, watoto wawili wanaumwa kichwa asubuhi moja, hawana homa, wakikaa nje mpaka saa nne wanacheza, kesho yake tena vilevile. Ukifika hospitali mtaje jiko, usiposema daktari hawezi kuota. Na siku ukimkuta mtu hajitambui kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mvute nje kwanza, maswali baadaye, halafu hospitali mbio hata kama kazinduka.

Blanketi sasa. Watu wanajifunika mawili juu, chini wamelalia shuka, wakati baridi nyingi inatoka chini kwenye godoro jembamba na sakafu. Moja lishushe, watandikie. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ingiza kwenye soksi, weka miguuni dakika kumi kabla hawajalala. Soksi kavu, boshori kichwani, na walale pamoja hao wawili, wagombane lakini wapate joto.

*

*Mzee wangu shikamoo, mimi chalii wa Arusha, nimemaliza chuo kazi hamna, nimepata safari ya kwanza kama mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, tunapanda Machame siku saba. Jamaa wa kampuni kasema nije na nguo zangu. Nina jaketi la jinzi, raba, na suruali mbili za jinzi. Nimejipanga?* — Kijana, Sakina

Hujajipanga. Marahaba lakini.

Jinzi ikilowa haikauki mlimani, na inanyonya joto lako. Na utalowa tu, siku ya kwanza ni msitu na wingu lile nililomweleza Baba Junior, halafu una kilo 20 mgongoni na kichwani, kwa hiyo hata mvua isiponyesha unalowa jasho. Ukifika kambini unasimama kusubiri hema, jasho linapoa, hapo ndo vijana wanaanza kutetemeka, na wengi wanakaa kimya wasionekane laini. Sheria yangu moja, ukifika tu badilisha ya ndani kabla ya kitu chochote, hata kabla ya chai.

Nenda soko la mitumba la Memorial hapa Moshi asubuhi mapema wakifungua mabelo. Tafuta skintaiti, usione aibu wanaume wote mlimani wanavaa, fulana za michezo za poliesta, sweta lile laini la manyoya ya plastiki, na jaketi la nje lisilopitisha maji, lijaribu palepale kwa maji ya chupa muuzaji akinuna anune. Buti nunua namba moja zaidi uvae soksi mbili bila kubana, buti ikibana damu haifiki vidoleni na vidole ndo vinaondoka kwanza. Soksi pea nne, mbili ziwe za kulalia tu, zifunge kwenye nailoni na usizivae mchana hata ukibembelezwa. Glavu, boshori, poncho, tochi ya kichwani, miwani ya jua. Kabla hujamaliza hela pita KPAP hapa Moshi, ule mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bure, na watu wanaona haya kwenda sijui kwa nini.

Getini mzigo unapimwa kwenye mizani, mwisho ni kilo 20. Mtu akikwambia ongeza kidogo baada ya mizani, hiyo kidogo utaibeba wewe na sio yeye.

Wagumu wengi hamfiki kileleni, mnabaki kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, wageni wanaondoka usiku wa manane. Baridi yenu ni ya kulala pale. Usiku inashuka chini ya sifuri vizuri tu, maji ya kwenye dumu yanaganda, na hema likiwa la kubanana mshukuru Mungu. Hakikisha kabla ya safari una slipingi begi, sio blanketi la shule.

Mwinuko nao haujali wewe ni mwenyeji. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, kunywa maji, kula, tembea polepole. Lakini kichwa kinazidi, unatapika, unapepesuka kama mlevi ukijaribu kupita kwenye mstari mnyooka, au unakohoa povu na kifua kinakoroma hata umekaa, mwambie mkuu wa msafara saa hiyohiyo na ushushwe, hata kama ni usiku. Kushuka ndo dawa. Hela ya safari moja isikufanye ufiche.

*

*Nimekuja Moshi semina wiki nzima sijauona mlima, wenyeji wananiambia upo. Mnatudanganya?* — Mwl. wa Singida

Upo. Amka saa 12, panda kwenye ghorofa lolote, angalia juu kuliko unavyodhani, watu wanautafuta usawa wa macho. Saa tatu wingu linafunga, jioni saa 12 kasoro unaweza kufunguka tena. Ukiwa na siku moja zaidi zunguka upande wa Tarakea, kule nyuma mvua ni chache, kusi inamalizia unyevu wake huku kwetu. Na usijisikie vibaya, yule mmisionari Mjerumani Rebmann mwaka 1848 aliuona na theluji yake akaandika, wataalamu London wakambishia miaka na hawakuwahi hata kufika.

*

*Mzee, mimi bodaboda Tengeru, natoka saa kumi na moja alfajiri kupeleka kina mama sokoni. Mikono inakufa ganzi mpaka breki siisikii, kifua kinabana. Jaketi zito sina.* — Dogo wa Tengeru

Breki usiyoisikia ni breki ambayo huna, kwa hiyo anza na glavu, hata zile za ujenzi na nailoni ndani yake. Simama kila baada ya muda uweke viganja makwapani. Reflekta vaa juu ya kila kitu, kwenye ukungu wa alfajiri wewe na pikipiki yako ni kivuli tu.

Kifuani weka gazeti, kurasa nne tano zikunjwe ziingie kati ya fulana na sweta, zipu mpaka shingoni, upepo haupiti, wazee wa pikipiki walikuwa wanafanya hivyo kabla hujazaliwa. Ila chukua gazeti la kawaida la jana, hili jarida letu usilitumie, karatasi yake inateleza, ukifika sokoni limeshashukia tumboni.