SHA imeniambia nilipe 6,600. Nitalipiwa vipi na serikali?

Swali: Habari yako dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Nafulia watu nguo Imara Daima, kama siku tatu kwa wiki, kila siku 400. Mzee ni wa mjengo. Siku hizi akipata kibarua ni siku mbili kwa wiki, 700 kwa siku. Nilijisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, pale cyber, kijana akanijazia yale maswali, na mwisho ikasema nilipe shilingi 6,600 za mwaka, zote mara moja. Chifu alisema barazani kuna watu wanaolipiwa na serikali. Nifanye nini niwe kati yao? Jirani yangu ana pikipiki mbili na amewekewa 3,600, hapo sielewi. Halafu binti yangu wa miaka 22, anayesuka nywele na amepanga chumba chake, ana mimba ya miezi sita na hajajisajili popote. Mama Kevo.

Jibu: Mama Kevo, mimi ni afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na swali lako naliskia karibu kila siku. Tofauti ni kwamba wengi huniletea wakiwa na bili mkononi na mgonjwa wodini. Wewe umeuliza mapema, kwa hivyo kuna nafasi ya kufanya kitu.

Tuanze na hiyo 6,600, kwa sababu ukijua ilikotoka utajua pa kuishika. Igawe kwa miezi 12, unapata 550. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 na kanuni zake zinamtaka asiye na mshahara alipe asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, lakini isipungue 300 kwa mwezi. Sasa 550 ni asilimia 2.75 ya 20,000. Yaani mtambo wa SHA umeamini kwamba wewe na mzee mnaingiza shilingi 20,000 kila mwezi. Tupige hesabu yako mwenyewe: siku tatu za kufua ni 1,200 kwa wiki, siku mbili za mjengo ni 1,400, jumla 2,600. Kwa wiki nne ni 10,400. Asilimia 2.75 ya hiyo ni 286, ambayo haifiki hata kile kiwango cha chini. Ungestahili kulipa 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, sawa na jirani yako wa pikipiki. Umezidishiwa 3,000, na kwa mama fua hizo ni siku saba na nusu za kusugua nguo.

Mtambo ulikosea wapi? Ni kwamba hauoni mfuko wako, unaona nyumba yako. Maswali yale ni ya ukuta, paa na sakafu, choo ni cha aina gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, taa ni ya stima au koroboi, mko wangapi. Majibu hayo ndiyo hutumika kukisia mapato. Kule kijijini kubahatisha namna hiyo kuna mantiki kidogo, kwa sababu mwenye sakafu ya simiti na stima mara nyingi amemzidi mwenye sakafu ya udongo na taa ya mafuta ya taa. Lakini ni nani Mukuru ambaye chumba chake hakina simiti? Simiti ni ya landlord. Stima ni ya kushiriki na ploti nzima. Meko ya gesi ya kilo 6 umenunua kwa sababu makaa yamepanda bei. Maji ni ya bomba, ndiyo, ila ni bomba la kununua mtungi kwa mtungi. Kwenye karatasi unafanana na mtu wa mshahara. Maoni yangu, na sijaficha hata kwa wakubwa wangu, ni kwamba kipimo hiki kinamwonea maskini wa mjini.

Halafu kuna yule kijana wa cyber. Simlaumu sana, ana foleni na analipwa kwa kichwa. Lakini niliwahi kumpokea mzee mmoja aliyeandikiwa kwamba anaishi nyumba ya mawe anayoimiliki, kumbe aliulizwa tu "nyumba ni yako?" akaitikia, akimaanisha hapo ndipo anapolala. Kwa hivyo kabla ya kulalamika popote, fungua maelezo yako tena, kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu, uyasome mwenyewe ukiwa na mtu wa familia anayejua kusoma vizuri. Angalia hasa mambo matatu. Je, umeandikwa mpangaji au mwenye nyumba? Kazi yako imeandikwa kibarua au biashara? (Wengi wa mama fua huandikwa "biashara", neno linaloleta picha ya duka.) Na watoto wote watatu wamo? Kaya ya watu watano si sawa na kaya ya watu wawili kwa mapato yale yale. Mtoto huongezwa kwa cheti cha kuzaliwa, na kama mmoja wao hana, hiyo ni kazi ya kuanza nayo wiki hii.

Ukiona kosa, usijaribu kulirekebisha kwa kujisajili upya na namba nyingine. Utajichanganya kwenye mfumo na siku ya ugonjwa kaunta itakuambia huonekani. Nenda na kitambulisho kwenye dawati la SHA. Kwako karibu ni Huduma Centre ya Makadara, na hospitali nyingi za umma zina dawati pia. Waambie unaomba upimaji wako wa uwezo, yaani yale maswali ya nyumba, upitiwe upya. Beba barua ya chifu inayosema mnaishi wapi na mnafanya kazi gani. Si lazima iwe na maneno mengi, ila barua yenye muhuri hufanya afisa akae kwenye kiti badala ya kukujibu akiwa amesimama. Usilipe mtu yeyote kwa huduma hiyo. Kujisajili ni bure. Pesa halali za SHA ni mchango wako tu, na huingia kwa jina na kitambulisho chako, si kwa simu ya mtu.

Kuhusu jirani, usijilinganishe naye. Huenda pikipiki ni za mkopo, huenda mtambo haukuziona, huenda alidanganya. Ukifuata njia ya kudanganya, ujue kutoa habari za uongo ni kosa kisheria, na pia siku mzee wako akivunjika mguu mjengoni hutaki mtu wa hospitali aanze kuuliza kwa nini karatasi haifanani na mgonjwa.

Sasa hilo la kulipiwa na serikali, ambapo naona umechanganya vitu viwili, na si wewe peke yako. Yale maswali ya simu huamua ulipe kiasi gani. Hayaamui kama serikali itakulipia. Hata ukionekana maskini wa mwisho, simu itakuambia 300 kwa mwezi, haitakuambia sufuri. Kulipiwa ni mlango mwingine. Sheria inasema serikali itawalipia wasiojiweza na walio hatarini, na hao hutambuliwa huku chini mashinani, kupitia maafisa wa ulinzi wa jamii, machifu na wahudumu wa afya ya jamii, wale wa mifuko wanaopita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2025 serikali ilitangaza itawalipia watu milioni 2.2 kwa awamu ya kwanza. Ukikumbuka kwamba sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, utaona hiyo orodha ni fupi kuliko umaskini wenyewe.

Kwa hivyo nikwambie bila kukupaka mafuta: mwanamke na mume wenye nguvu za kufanya kazi, hata kama kazi ni ya kubahatisha, huwa nyuma ya foleni hiyo. Mbele yao wapo wazee wasio na mtu, kaya zinazoongozwa na watoto yatima, watu wenye ulemavu mkali, yaani watu wanaofanana na wale wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, wanaopokea zile 2,000 za mwezi. Kama kwenye kaya yako yumo mtu wa namna hiyo, hukuniandikia, na hilo lingebadilisha jibu langu lote. Mama mkwe anayelala chumba cha pili na kula sufuria yenu naye ni wa kaya yenu. Mtaje.

Hata hivyo jina lako lipeleke. Mtafute mhudumu wa afya wa eneo lenu, kila mtaa una wake, mzee wa nyumba kumi atakuonyesha, na umwambie akuandike kama kaya inayohitaji kulipiwa. Kisha mwone chifu huyo huyo aliyetangaza barazani, umkumbushe maneno yake. Fanya yote mawili, kwa sababu nimeona jina likiwa kwa chifu na halipo kwa mhudumu, na pia kinyume chake. Baada ya hapo usikae ukingoja simu. Angalia hali yako kwa *147# mara kwa mara.

Wakati unangoja una nini? Una zaidi ya unavyodhani. Kwa kuwa umeshajisajili, tayari unatibiwa bila kulipa kwenye zahanati na vituo vya afya, Levo 2 na 3, kwa mfano Kituo cha Afya cha Lunga Lunga. Huko hugharamiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi, ambayo ni pesa za serikali wala haidai mchango wako. Homa ya mtoto, kifua, kidonda, presha ya kupimwa, anza huko. (Dawa zikiisha utaandikiwa ukanunue, hilo nalijua, na halina bima.) Mchango wa 3,600 au 6,600 unahitajika ukilazwa, ukipasuliwa, au ukitumwa hospitali za Levo 4 kwenda juu kama Mama Lucy Kibaki, Mbagathi au Kenyatta. Hapo ndipo SHIF, yaani hazina ya SHA inayopokea michango yenu, inalipa, na kitanda cha Levo 4 kimewekewa 3,360 kwa siku. Siku mbili za kulazwa zinapita mchango wako wote wa mwaka, hata huo uliozidishwa.

Ndiyo maana binti yako ananipa wasiwasi kuliko wewe. Miezi mitatu si mingi. Ana miaka 22, anaishi kwake na ana kipato chake, kwa hivyo usimbebe kwenye kaya yako, ajisajili mwenyewe kwa kitambulisho chake, leo, kwa simu, bure. Yule aliyemweka mimba, kama wameoana, awekwe kama mwenzi wake ili mchango uwe mmoja. Kama hawajaoana na hana mpango, asisubiriwe. Akijibu maswali ya nyumba, ajibu ya chumba chake, si ya kwenu.

SHA hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Wasichana wengi huniambia "mimi nitajifungua kawaida tu, kituo cha afya". Ni sawa kupanga hivyo. Lakini kisu hakiko kituo cha afya. Mtoto akikataa kutoka saa nane usiku, ambulensi inaenda Levo 4 au zaidi, na hapo mtu ambaye hajalipa mchango anakutana na bili nzima. Kwa msusi, 3,600 si kidogo, lakini bili ya upasuaji ni kubwa mara kadhaa.

Kama hana zote, kuna Lipa SHA Pole Pole, iliyozinduliwa siku ya Madaraka 2025. Unakopeshwa mchango wa mwaka, bima inafunguka, kisha unarudisha kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi kama unavyolipa chama. Ni mkopo, usiusikie kama msaada. Ila 3,600 ikigawanywa kwa siku za mwaka ni shilingi kumi hivi kwa siku, na mtu anayesuka anaweza kuzitoa kwa mteja mmoja. Kwako wewe nisingeharakisha kukopa 6,600 kabla hujaomba upimaji upitiwe. Kwake yeye ningekopa kesho.

Na likitokea la kutokea kabla hamjamaliza? Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mama mwenye leba huingizwa ndani kwanza, maswali ya pesa baadaye. Bili ikibaki, omba kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kabla ya siku ya kuruhusiwa, si siku yenyewe jioni. Tunaandika ripoti, kamati inakaa, na bili inaweza kupunguzwa, kulipwa kwa awamu au kusamehewa. Wasikutishe na kumfungia mzazi wodini: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliwapa haki kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili, ikasema kitendo hicho kilivunja haki zao. Ripoti yangu huwa rahisi sana kuandika pale mgonjwa anapoweza kunionyesha kwamba alijisajili, aliomba kupimwa upya, na alikuwa amejiandikisha kwa chifu. Kwa hivyo kila ofisi utakayoingia, piga picha ya karatasi wanayokupa, na uandike nyuma yake tarehe na jina la aliyekuhudumia.

Binti naye akija hospitalini, aje na kitambulisho chenyewe. Picha ya kitambulisho kwenye simu tunarudisha kila siku.