RPG tano ninazoziweka juu, na pale wachezaji wengi wanapozikimbia

Orodha nyingi za RPG (gemu ambazo unaongoza mhusika na kumkuza) hupangwa kwa uzuri wa picha au ukubwa wa ramani. Hii imepangwa kwa swali moja: uamuzi wa mchezaji una uzito kiasi gani? Na kwa kuwa gemu hizi huachwa mapema kuliko zinavyomalizwa, kila moja nimeitajia shimo lake.

Ya kwanza ni Disco Elysium (2019). Hakuna panga, wala kuua mazimwi ili upande leveli. Mpelelezi anaamka kwenye chumba cha hosteli, pombe imemfutia kumbukumbu zote, na uani kuna maiti iliyoning'inia mtini kwa siku saba. Ana ujuzi wa aina 24, na kila ujuzi una sauti yake inayombishia kichwani.

Shimo liko hata kabla hujatoka chumbani. Ukipanga vipaji vyake ukaipa Physique (nguvu za mwili) pointi 1, afya yake nayo inakuwa pointi moja, na kuwasha taa tu kunaweza kumuua kwa mshtuko wa moyo. Sitanii. Una pointi 12 za kugawa kwenye vipaji vinne. Kwa mara ya kwanza 3-3-3-3 haitakuangusha, ingawa haina ladha kali.

Jaribio lolote ni dadu mbili ukijumlisha na ujuzi wako. Sita mbili hupita daima, moja mbili hufeli daima. Jaribio jeupe likifeli hufungwa, na njia ya kawaida ya kulifungua ni kuongeza pointi kwenye ujuzi uleule. Jekundu ni mara moja tu. Kwa hiyo usiitumie pointi dakika unayoipata. Iweke akiba, jaribu kwanza, ukifeli ndipo uongeze na urudi. Wanaomwaga pointi zote mapema hujikuta siku ya tatu wamezungukwa na milango iliyofungwa, wakaisema gemu kuwa ngumu. Pesa ya chumba ikikosekana, okota chupa tupu ukauze. Na usiwe na haraka: saa husonga unapozungumza au kusoma, si unapotembea. Kiingereza chake ni kizito kwelikweli, kamusi iwe karibu.

Chrono Trigger ya 1995 naiweka ya pili, juu ya gemu zenye bajeti mara mia ya kwake. Kuna safari ya kupita katika zama mbalimbali, na unachogusa mwaka 600 hubadilika mwaka 1000. Mfano bora ni masanduku meusi yaliyofungwa kwa nguvu za kichawi. Ukishakipa nguvu kidani cha kichawi ambacho kikosi chako kinabeba, nenda mwaka 600, gusa sanduku, kisha ukatae kuchukua kilichomo. Ruka hadi mwaka 1000, fungua sanduku lilelile uchukue kifaa kilichoimarika, halafu rudi mwaka 600 ukachukue kile cha awali. Unapata viwili. Ukianza kwa kuchukua cha mwaka 600, kile bora kimekupotea.

Wengi hukwama kwa Magus, mchawi ambaye ni adui mkubwa wa kupigana naye. Kinga yake hubadilika: ukiona ni ya moto, mpige kwa moto, uchawi wa aina nyingine unamponya. Frog, mmoja wa wenzako, awemo kwenye kikosi akiwa na upanga wa Masamune, kwa sababu kila pigo lake hushusha kinga ya Magus dhidi ya uchawi. Kama mapigano yanakuchanganya, kwenye mipangilio weka "Wait" ili muda usimame unapochagua uchawi au dawa. Gemu hii inapatikana kwenye simu na kompyuta.

Baldur's Gate 3 (2023) ingekuwa ya kwanza kama sehemu yake ya tatu isingelegea. Kabla ya yote, hakikisha una nafasi ya GB 150 kwenye diski, ikiwezekana SSD (diski ya kasi). Kosa linalorudiwa mno ni kuogopa kulala. Mdudu aliyemo kichwani mwako anazungumzwa kana kwamba umebakiwa na siku mbili, basi watu wanakimbia bila kupumzika. Hakuna saa hiyo. Kulala usiku mmoja kambini kunagharimu chakula cha pointi 40 kwenye ugumu wa kawaida, na hadithi za wenzako nyingi hufunguka kambini usiku. Asiyelala hazioni. Mambo machache tu ndiyo yana haraka ya kweli: ile nyumba ya wageni inayoungua ukishaikaribia, usilale kwanza.

Usianze vita vya mapema ukiwa mwenyewe. Kusanya watu hadi mfike wanne, kisha panda juu: mshambuliaji aliye mahali pa juu anaongezewa 2 kwenye dadu, na anayelenga kutoka chini anapunguziwa 2. Ukigundua ulimpanga mhusika vibaya, mzee Withers wa kambini anampanga upya kwa dhahabu 100. Hakuna sababu ya kuanza gemu upya, lakini watu bado wanafanya hivyo.

Elden Ring (2022) ni ya nne. Maneno ni machache, ila uamuzi wa wapi uende ni wako, na ndipo watu wanapojiumiza. Mpanda farasi wa dhahabu unayemkuta mwanzoni, nje ya mlango, mpite kando. Margit, adui mkubwa wa mwanzo, akikupiga mara tano, acha ubishi, shuka kusini kwenye eneo la Weeping Peninsula. Ongeza Vigor (kipimo cha uhai wako) kabla ya nguvu ya kupiga: kwenye 40 una uhai 1,450, kwenye 60 una 1,900. Simama hapo, kwani kutoka 60 hadi 99 unaongeza 200 tu. Silaha ya kawaida inahitaji mawe 12 ya kuimarishia, ya daraja la kwanza, kufika +3 (mawili, manne, sita), na mahandaki ya Limgrave, eneo la mwanzo, yanayo. Mzigo wa vifaa ulivyovaa ubaki chini ya asilimia 70, ukizidi unabingirika kama gunia unapokwepa.

Ya tano ni Persona 5 Royal, gemu ya maisha ya mwanafunzi. Mwanzo wake unaburuta saa nyingi, na gemu nzima huzidi saa 100. Ubaya wake mkubwa ni kwamba muhula wa tatu, sehemu bora kuliko zote, umefichwa nyuma ya tarehe ambazo hutajiwi. Kuna wahusika watatu wa kujenga nao urafiki, unaopimwa kwa madaraja: Maruki afike daraja la 9 kabla ya tarehe 18 Novemba, Akechi la 8 kabla ya tarehe 24 Novemba, na Kasumi la 5 kabla ya tarehe 18 Desemba. Maruki akikosa, muhula wote haupo. Mtembelee kila anapopatikana, na mwanzoni mwa Oktoba tenga sevu moja pembeni usiyoiandika juu yake.